Alokeita ya memori tumeiandika wenyewe, komenti zake tuziandikeje ili mwingine aelewe?

dev_wa_Kirumba
Mwadila wakuu. Tuko wawili hapa Mwanza, tunatengeneza kidude cha ESP32 (chipu ndogo yenye kompyuta ndani) kinachokaa kwenye makasha ya barafu ya samaki, kinapima joto toka visiwani huko Ukerewe mpaka mzigo unafika mwaloni. Sasa ziwani kuna sehemu mtandao hakuna kabisa kwahiyo vipimo vinarundikana kwenye memori vikisubiri kutumwa, na kwa ajili hiyo tukaandika alokeita yetu wenyewe (kodi ya kugawa na kurudisha memori), eneo la kilobaiti 32, orodha ya vipande vitupu, inachukua kipande cha kwanza kinachotosha, na mtu akiachia kipande kinaunganishwa na jirani yake kama nae ni mtupu. Inafanya kazi vizuri tu.

Shida ni maelezo. Komenti zilizomo ni zile za "ongeza i kwa moja", "rudisha pointa", yani hazimsaidii mtu. Tumepata dogo wa fildi kutoka chuo kimoja Nyegezi, kila siku ananifuata na maswali: nikiomba baiti 0 napata nini, nikiachia pointa (anwani ya kipande) ileile mara mbili inakuwaje, naweza kuiita ndani ya intarapti (chipu inapokatizwa ghafla kushughulikia tukio)? Mwenzangu anasema tuweke Doxygen (programu inayogeuza komenti kuwa kurasa za maelezo) mambo yaishe. Mi naona kama Doxygen itatutolea kurasa nzuri zisizo na kitu. Nianzie wapi? Na komenti ziwe Kiswahili au Kiingereza?

mzee_wa_pointa
Doxygen iache kwanza mkuu, hiyo inapamba kilichopo tu, kama hakuna kitu itapamba hakuna kitu.

Maswali ya dogo ndo dokumentesheni yako yenyewe, yaandike yote kwenye daftari maana wewe uliyeandika kodi huwezi kuyaona tena, kwako yashakuwa hewa. Kisha fungua faili ya heda (inayotangaza fanksheni zenu), juu ya kila fanksheni andika mkataba: mtumiaji analeta nini, anapata nini, ikishindikana anabaki na nini. Angalia hata malloc, fanksheni ya kawaida ya C ya kuomba memori, ilivyo na pembe zake. Ukiomba baiti 0 standadi inaruhusu mawili, upewe NULL (pointa isiyoelekea popote) au upewe pointa ambayo huruhusiwi kuisoma wala kuandika. Kuachia NULL ni sawa, hakitokei kitu. Kuachia mara mbili hakuna ahadi yoyote, chochote kinaweza kutokea. Ya kwako ifanye lolote unalotaka ila ISEME.

Afu realloc, ile ya kubadili ukubwa wa kipande, ndo inaua watu. Ikishindwa inarudisha NULL lakini kipande cha zamani bado kipo hai kinakusubiri, sasa watu wanaandika p = realloc(p, n), ikishindwa p inakuwa NULL na kile cha zamani hakuna tena anayejua kilipo, memori inavuja hivihivi. Kama na nyie mna ya kukuza kipande, sentensi moja ya "ikishindikana kipande cha mwanzo hakiguswi" ina thamani kuliko kurasa kumi za Doxygen.

Pia andika anwani unayorudisha inagawanyika kwa ngapi. Malloc inaahidi itafaa kwa aina yoyote ya kawaida ya data. Ya kwenu ni 4 au 8? Andika namba.

Igoma_embedded
Naunga mkono ila mzee kaongelea upande wa mtumiaji tu. Kuna mtu wa pili, yule atakayeingia ndani ya faili ya .c kurekebisha bagi usiku, huyo mkataba haumtoshi, anataka kujua mambo ambayo lazima yawe kweli muda wote. Mfano kwenu: hakuna vipande viwili vitupu vinavyokaa jirani, kwasababu vingeshaunganishwa. Hiyo sentensi haionekani kwenye mstari wowote wa kodi, imetawanyika fanksheni nzima, mtu akiivunja bila kujua programu itaendelea kutembea siku kadhaa ndo ianguke.

Na chora picha. Kwa maandishi, hukohuko kwenye komenti, sio kwenye pdf ambayo itapotea. Kama nimeelewa muundo wenu ni kitu kama hiki:

```
+-----------------------------+
| saizi + biti ya "kinatumika"|  baiti 4
+-----------------------------+
| saizi ya jirani wa nyuma    |  baiti 4
+-----------------------------+ <-- pointa ya mtumiaji
| data yake ...               |
+-----------------------------+
```

Chini ya picha eleza KWANINI biti ya alama inakaa ndani ya saizi: saizi zote zinagawanyika kwa 8 kwahiyo biti tatu za chini ni sifuri siku zote, mmeazima moja. Asiyejua hilo ataisoma saizi bila kuondoa alama, na atapata namba iliyozidi moja.

Ukitaka kuona wakubwa wamefanyaje fungua malloc.c ya glibc, maktaba ya C ya Linux. Ile imetokana na kazi ya Doug Lea aliyoanza kuiandika 1987, Wolfram Gloger akaiendeleza kwa ajili ya thredi nyingi (kazi zinazotembea kwa pamoja ndani ya programu moja). Kuna maelezo marefu na picha za vipande zimechorwa kwa alama za kuongeza na kutoa kama hivyo hapo juu. Kodi yenyewe ni ngumu kumeza lakini ukisoma komenti kwanza unatoboa.

nyakato_nje_ya_box
Samahani mi naanza na swali la kichokozi, kwanini mmeandika yenu? ESP-IDF (vifaa rasmi vya kuandikia programu za ESP32) ina hipu yake tayari, yani eneo la kugawia memori, na imejengwa juu ya TLSF, mbinu ya kugawa memori ambayo haichelewi kulingana na wingi wa vipande. Sio kwamba nawakataza ila jibu la hilo swali linatakiwa liwe komenti ya kwanza kabisa kwenye faili, la sivyo dogo atakayekuja baada ya huyu atafuta kila kitu aweke malloc.

Wanaonifurahisha kwa hili ni FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa vidude kama hivi. Wana hipu tano na maelezo yake mafupi tu, heap_1 haiachii kabisa, heap_2 inaachia ila haiunganishi majirani, heap_3 inafunika malloc ya kompaila, heap_4 inaunganisha, heap_5 ni kama 4 ila inaweza kutumia maeneo ya memori yaliyotengana. Unasoma dakika moja unajua uchukue ipi. Hayo ndo maelezo, yanamsaidia mtu kuamua.

Lugha: majina ya fanksheni yabaki mlivyozoea, komenti Kiswahili poa tu kama timu yote ni ya hapahapa. Mkija kuiweka wazi kwa dunia mtatafsiri.

dev_wa_Kirumba
Nyakato swali zuri sio uchokozi. Sababu ni kwamba vipimo vikijaa havitakiwi kuila memori ya upande wa kutuma, tulitaka eneo lililofungwa ambalo likiisha limeisha lenyewe. Naliandika juu kabisa. Hii hapa rasimu ya fanksheni ya kwanza, nichambueni:

```
/* hipu_omba(n): inatoa kipande cha baiti n au zaidi.
 * Anwani inagawanyika kwa 8.
 * n ikiwa 0 inarudisha NULL.
 * Nafasi ikikosekana inarudisha NULL, hipu haibadiliki.
 * Kipande hakisafishwi, kina takataka za zamani.
 * Ni ya haraka na ni salama. */
```

mzee_wa_pointa
Mstari wa mwisho futa kaka. Haraka kwa kulinganisha na nini? Mnatembea orodha toka mwanzo mpaka mpate kinachotosha, kwahiyo vipande vitupu vikiwa vingi inachelewa, na ndivyo uandike, muda unakua kwa idadi ya vipande vitupu.

Na "salama" ndo neno baya kuliko yote, salama na nini? ESP32 hizi za kawaida zina kori (vichakataji) mbili. Kama ndani mmeweka myuteksi (kufuli la kuingia mmojammoja) basi sema thredi yoyote inaweza kuita, na palepale sema ISIITWE ndani ya intarapti, maana myuteksi ya FreeRTOS haichukuliwi huko. Swali la dogo limejibiwa.

Hiyo ya takataka za zamani safi sana, wengi wanaisahau.

dogo_wa_fildi
Shikamooni wakubwa, mi ndo dogo mwenyewe 😂 Nina jingine. Jana hipu_baki() imenambia kuna zaidi ya baiti 9000 zimebaki, nikaomba 4096 nikapewa NULL. Sio bagi hiyo?

Igoma_embedded
Marahaba dogo. Sio bagi. 9000 ni jumla ya vipande vilivyotawanyika, huenda hakuna hata kimoja kinachofika 4096. Mwaloni unaweza kuwa na nafasi kumi za mtumbwi mmojammoja na kivuko kikakosa pa kufunga. Na hata kama kingekuwepo cha 4096 kamili ungekosa, ile heda ya baiti 8 (sehemu mbili za juu kwenye picha) nayo inahesabika.

dev, hapa sasa komenti peke yake haitoshi, hilo jina hipu_baki linadanganya. Ibadilishe iwe hipu_jumla_tupu, halafu ongeza ya pili inayorudisha kipande kikubwa kuliko vyote kilicho wazi. ESP-IDF wanayo ya hivyo, inaitwa heap_caps_get_largest_free_block. Kwenye maelezo ya zote mbili andika ipi inatumika kuamua kama ombi litapita na ipi ni ya kuangalia hali tu.

dev_wa_Kirumba
Sawa, nimeshabadilisha jina. Ya kipande kikubwa naiandika leo ila itabidi itembee orodha nzima ikiwa imeshika myuteksi, hilo nalo naliweka kwenye maelezo ili mtu asiiite kila sekunde.

nyakato_nje_ya_box
Weka. Na ile sheria ya majirani watupu usiiache kwenye komenti tu, andika fanksheni ya ukaguzi inayotembea hipu nzima na kuhakikisha, iite baada ya kila omba na achia ukiwa kwenye bildi ya majaribio. Komenti mtu anaweza kusahau kuibadilisha akibadilisha kodi, asati (ukaguzi unaosimamisha programu sharti likivunjika) itampigia kelele siku hiyohiyo.