Mtoto mchanga usiku: kitanda chetu, kitanda chake au godoro la chini? (Ulinganisho)

Saa_Nane_Usiku (mwanzisha mada)
Swali hili linarudi kila mara na majibu huishia kwenye "wa kwetu walilala hivi na wamekua". Leo tulinganishe kwa vigezo. Mtoto ana wiki 3, ametimiza miezi yake, ananyonya maziwa ya mama pekee. Chumba ni kimoja, kitanda tano kwa sita, joto la Dar. Machaguo ni matatu:

1. Alale kitandani na wazazi
2. Alale kwenye kitanda chake, kikiwa kimegusana na cha mama au hatua moja kutoka hapo
3. Godoro lishushwe chini, alale na mama, baba abaki juu

Vigezo: usalama, urahisi wa kunyonyesha usiku, na kama inamsaidia kuanza kuujua usiku. Kumfunga kanga nako tukuguse.

Mkunga_wa_Zamu
Tuweke kwanza hesabu sawa. Mtoto wa umri huu hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande. Mzunguko wake mmoja wa usingizi ni kama dakika 50 tu, na anatakiwa kunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24. Saa ya mwilini inayotenganisha usiku na mchana huanza kushika kati ya wiki ya 6 na ya 12. Hakuna kitanda kitakachomlaza mtoto wa wiki 3 usiku kucha. Anayekuahidi hivyo anauza godoro.

Kwa usalama, namba 2 iko mbele. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri chumba kimoja, sehemu mbili za kulala, angalau miezi 6 ya mwanzo. Mama anamsikia, anamfikia kwa mkono, na hakuna mwili wa mtu mzima wala shuka zito juu ya mtoto.

Namba 1 ina hali ambazo si za kujadili. Usilale naye kitanda kimoja kama mmoja wenu anavuta sigara (hata akivutia nje), amekunywa pombe, ametumia dawa inayoleta usingizi, au kama mtoto ni njiti au alizaliwa chini ya kilo 2.5. Na sofa ni mbaya kuliko kitanda chochote. Mama anayesinzia akinyonyesha kwenye kochi saa tisa usiku yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliyejilaza kitandani kwa kupanga.

Kama mmeamua kulala naye baada ya hayo yote, basi: mtoto awe upande wa mama, si katikati yenu, mito na blanketi zikae mbali naye, ndugu yake mkubwa asilale kando yake, nywele ndefu na rasta zifungwe.

Fundi_Chaga
Naongezea upande wa godoro, maana watu wanasahau. Sponji iliyotumika miaka kadhaa hubonyea katikati. Ukilala, uzito wako unatengeneza mteremko na mtoto anateleza taratibu hadi kwenye mbavu zako, pua imezibwa. Jaribu hivi: bonyeza godoro kwa kiganja kisha uachie. Likibaki na shimo, halifai kwa mtoto, iwe kitandani au chini.

Hatari ya pili ni ufa kati ya kitanda na ukuta. Kusukuma kitanda ukutani "ili asianguke" ndiko kunakotengeneza mtego, kwa sababu kitanda husogea usiku na mtoto hunasa hapo. Ndiyo maana namba 3 kwangu ni bora kuliko 1: hakuna pa kuanguka. Ila godoro nalo likae mbali na ukuta, na sakafu ya saruji iwekewe mkeka chini yake kwa ajili ya unyevu.

Wanaoagiza kitanda cha mtoto kwa seremala: nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Kipimo cha haraka ni kopo la soda la kawaida, lile nene. Likipita, fito ziko mbali mno. Godoro lienee, kusiwe na pengo la kupitisha vidole viwili ubavuni. Wale wanaoshona mito ya kuzungushia kitanda ndani, acheni. Mwaka 2022 Marekani walipiga marufuku kuiuza, pamoja na vitanda vya watoto vyenye mwinuko unaozidi nyuzi 10, kwa sababu kidevu kikiinamia kifua njia ya hewa inajibana.

Bi_Kizazi
Wanangu, mmesema mengi lakini mmeacha kubwa. Mtoto akilazwa chali atapaliwa na maziwa. Siku zote tumelaza ubavu, na mto mdogo mgongoni.

Mkunga_wa_Zamu
Shikamoo Bi Kizazi. Hofu hiyo inaeleweka, ila maumbile yanasema kinyume. Mtoto akiwa chali, koo la hewa liko juu na la chakula liko chini yake. Maziwa yakipanda hayaendi mahali pa juu. Yanarudi chini au yanatoka mdomoni, naye anayameza au anakohoa. Akiwa kifudifudi mambo yanageuka, maziwa yanakusanyika kwenye mlango wa koo la hewa. Ubavu ni mlalo usiotulia: mtoto huangukia tumbo kirahisi, na ule mto wa mgongoni ndio unaomsukuma.

Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Anayecheua sana mshikilie wima dakika 10 hadi 15 baada ya kunyonya, kisha chali.

Kichwa kisiwe bapa: leo alale kichwa upande wa mlango, kesho upande wa dirisha. Akiwa macho mlaze kifudifudi kifuani kwako dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku, ukimwangalia. Mto wa kutengeneza kichwa hauhitajiki.

Bi_Kizazi
Marahaba. Hilo la koo sikuwahi kuelezwa hivyo. Haya, chali.

Leso_Mbili
Huku Pwani ya Kenya joto na mbu ndivyo vinavyoamua, si umbo la kitanda. Namba 2 inahitaji neti ya pili, na hapo ndipo wengi wanarudi namba 1. Usiifanye kuwa sababu: kikiwa kitanda kidogo kimegusana na chenu, neti moja kubwa ya mstatili inafunika vyote viwili ukichomeka pindo chini ya magodoro. Kile chandarua cha mwavuli cha mtoto kinafaa mchana, ila kiwe na nafasi asikiguse, kwa sababu mbu anauma kupitia matundu ngozi ikigusa kitambaa. Neti mpya yenye dawa ianike kivulini siku moja kabla ya kuitumia. Usiianike juani, dawa inaharibika.

Kuhusu kumfunga leso. Faida yake ni moja: inazuia ule mshtuko wa mikono kuruka unaomwamsha. Hasara ni joto na nyonga. Namna ya kufunga:

Tandaza leso moja nyepesi ya pamba kama almasi, kunja pembe ya juu. Mabega yakae usawa wa mkunjo. Leta upande mmoja juu ya kifua, uchomeke chini ya mgongo, kisha upande wa pili. Kiganja chako kipite kati ya kitambaa na kifua. Chini ilegee kabisa, miguu ikunjike kama ya chura. Kunyoosha miguu na kuibana "isipinde" ndiko kunakoweza kuchomoa nyonga. Ndani awe na nepi peke yake. Kitambaa kisipande juu ya mabega.

Akianza kujaribu kugeuka, hata kama ni wiki ya 9, acha siku hiyo hiyo. Aliyefungwa akijigeuza kifudifudi hana mikono ya kujiinua.

Februari au Machi, joto likiwa 31 usiku, sifungi mtu leso. Pima joto kwa kugusa shingo nyuma au kifua, si viganja wala nyayo. Hizo huwa baridi hata mtoto akiwa sawa. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo. Feni ruhusa, ila ielekee ukutani.

Baridi_ya_Kaskazini
Kwa tulio Ulaya kosa ni kinyume: mtoto anavishwa nguo tatu, kofia, blanketi mbili na hita inawaka. Chumba nyuzi 16 hadi 20 kinatosha. Tumia mfuko wa kulalia wenye kukaa sawa shingoni na kwapani badala ya blanketi. Kofia ivuliwe ndani, maana mtoto hupoza mwili kwa kichwa.

Saa_Nane_Usiku
Nimeelewa sehemu ya kulala. Sasa je, anyonyeshwe mpaka alale, au alazwe akiwa bado anasinzia ili ajifunze?

Nesi_wa_Kliniki
Vyote viwili, na usijilaumu kwa lolote. Kunyonya kunaleta usingizi kwa asili. Wiki 6 za kwanza mnyonyeshe alale. Baadaye jaribu mara moja tu kwa siku kumlaza akisinzia, hasa usingizi wa kwanza wa asubuhi, ambao ndio rahisi. Akikataa, mbebe, jaribu kesho.

Wengi wanafeli kwenye kumweka chini. Mtoto mchanga huingilia usingizi kupitia ule mwepesi, wa macho kuchezacheza na kutabasamu. Ukimweka dakika ya 5 ataamka. Ama mweke kabla hajalala, ama subiri dakika 15 hadi 20 hadi mkono wake ukiuinua uanguke kama kamba. Shusha makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho. Kichwa kikitangulia anahisi anaanguka na mikono inaruka. Acha kiganja kifuani mwake kama dakika moja.

Pili, msimkimbilie kila akiguna. Nusu ya usingizi wake ni huo mwepesi: anajinyonganyonga, anakoroma, analia sekunde kumi, anaendelea kulala. Hesabu hadi 60. Akiwa na njaa atageuza kichwa na kutafuta ziwa, hutakosea.

Usiku na mchana: asubuhi mlete barazani au dirishani, ongeeni kwa sauti ya kawaida, usitie chumba giza saa sita mchana. Usiku taa hafifu, maneno machache, nepi ibadilishwe tu ikiwa na kinyesi au imelowa sana. Umri huu hukaa macho dakika 45 hadi 60, kunyonya kukiwemo. Akianza kutazama mbali na kupiga miayo, muda umefika. Kilio ni kuchelewa: mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala kwa shida zaidi.

Kaka_wa_Tandika
Kuna wanaompa uji mwepesi wa chupa saa nne usiku ashibe. Na Piriton kidogo.

Nesi_wa_Kliniki
Hapana na hapana, kaka. Uji kabla ya miezi 6 haurefushi usingizi. Unampunguzia maziwa, unaleta kuhara na unaweza kumpalia. Dawa ya mafua kwa mtoto mchanga inaweza kupunguza kupumua. Hakuna kipimo "kidogo" chake.

Na usifurahie sana mtoto anayelala mno. Kabla hajarudisha uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14, mwamshe akizidi saa 3 bila kunyonya: mvue nguo, msugue nyayo, mbadilishe nepi. Kama haamki kunyonya, ana manjano yanayoshuka hadi tumboni na miguuni, joto ni 37.5 au zaidi, au anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, hiyo si mada ya jukwaa. Kituo cha afya, usiku huo huo.

Saa_Nane_Usiku
Basi ni namba 2, kitanda kigusane na chetu, neti moja. Fundi_Chaga, chetu kina urefu wa sentimita 55 hadi juu ya godoro. Cha mtoto kiwe sawa?

Fundi_Chaga
Sawa kabisa, uso wa godoro na uso wa godoro. Upande wa kwenu usiwe na fito, na kifungwe kwenye fremu ya kitanda kikubwa kwa boliti mbili au mikanda, kisisogee. Kukiwa na ufa hata wa vidole viwili, kaza upya. Usizibe kwa shuka iliyokunjwa.