Cadillac Records: filamu ya Chess isiyo na Bo Diddley, mnaisifia nini?

Wakuu, najua mtakachosema. Beyoncé kaimba vizuri, na Jeffrey Wright kamvaa mwimbaji wa blues Muddy Waters mpaka unamsahau mwigizaji. Sibishi. Ila kila anayeuliza habari za blues ya Chicago humu anaelekezwa kwenye filamu hii ya 2008 kuhusu Chess, kampuni ya kurekodi muziki, kana kwamba ni historia, na hapo ndipo ninapokereka.

Phil Chess yuko wapi? Kampuni ilikuwa ya ndugu wawili, Leonard na Phil, Wayahudi waliotoka Poland wakafika Chicago wakiwa watoto mwaka 1928. Chess waliijenga pamoja. Kwenye filamu Leonard anafanya kila kitu, mdogo wake utadhani mpita njia. Na mzee huyo alikuwa bado hai filamu ilipotoka, kafariki 2016!

Bo Diddley, mwimbaji na mpiga gitaa wa Chess, ndiyo hayumo kabisa. Yaani unatuonyesha rock and roll inazaliwa Chess, halafu unamruka mtu aliyetoa rekodi yake ya kwanza kwao mwaka 1955, mwaka ule ule alioanza nyota mwenzake wa rock and roll Chuck Berry, kwa mdundo ambao bendi za vijana wa kizungu zimeukopa mpaka leo? Kafariki Juni 2008, filamu ikaingia kumbi za sinema Desemba. Hata kwa heshima ya marehemu jamani.

Nafasi yao wamepewa nini? Penzi la Leonard na Etta James, mwimbaji anayeigizwa na Beyoncé, ambalo hakuna ushahidi kwamba liliwahi kuwepo. Dakika ngapi zimeliwa na macho ya kutazamana!

Wakati tamthilia ya kweli ilikuwa kwenye makaratasi. Magari ya Cadillac waliyopewa wasanii ni sehemu ndogo tu. Ndugu hao walikuwa na ubia katika Arc Music, kampuni iliyoshika haki za nyimbo, na huko ndiko pesa ya muda mrefu ilikokuwa. Chukua Maybellene ya Chuck Berry. Kwenye utunzi waliandikwa pia Alan Freed, mtangazaji wa redio, na mtu anaitwa Russ Fratto. Hawakutunga hata mstari mmoja, ila mirabaha wakagawiwa. Majina yao yalikuja kuondolewa 1986. Miaka ya 1970 Muddy Waters na Willie Dixon, mtunzi wa nyimbo wa Chess, waliishtaki Arc, wakamalizana nje ya mahakama.

Sasa msimulizi wa filamu ni nani? Willie Dixon huyo huyo! Mtu aliyewaandikia nyimbo nusu ya wasanii wa pale, akapigania haki zake mpaka kwa mawakili, anageuzwa sauti ya upole ya kutubembeleza tumpende Leonard. Hiyo kesi ndiyo ilipaswa kuwa filamu yenyewe.

Aliyeniponya kidogo ni mwimbaji wa blues Howlin' Wolf, anayeigizwa na Eamonn Walker, anayekataa kuwa mdeni wa bosi. Hapo wamepatia, maana Wolf halisi alikuwa na nidhamu ya pesa na wanamuziki wake aliwalipa vizuri.

Na asije mtu na "ni filamu tu mkuu". Majina ni ya watu halisi, nyimbo ni zao. Kama walitaka kutunga wangetunga na majina.

Mwenye filamu ya makala inayoeleza mikataba ya Arc aitaje hapa.