Udongo mwekundu juu ya mwamba wa matumbawe: umeletwa na upepo?

Shamba_Gede: Salaam wakuu. Huku kati ya Gede na Watamu mwamba ni matumbawe meupe, lakini mashimo yake yamejaa udongo mwekundu, mengine hadi kiunoni. Wazee wasema ni mwamba uliooza. Naweza kupima mwenyewe?

Jiwe_Kavu: Waweza. Siki huyeyusha matumbawe; kinachobaki ndicho kingeweza kuwa udongo. Vunja jiwe uchukue kiini chake, kisiwe na wekundu kwenye nyufa. Hapo ndipo wengi huharibu, udongo wa ufa ukahesabiwa kuwa masalia ya mwamba. Saga gramu 50, tia kwenye ndoo ya plastiki (sufuria ya alumini usiiguse) pamoja na lita 2 za siki ya 5%. Kwa hesabu lita 1.2 zingetosha, ila siki huchoka mwishoni. Koroga kila siku mpaka siki mpya isitoe povu tena. Chuja kwa karatasi uliyoipima ikiwa kavu, suuza, kausha, pima.

Tuseme imebaki gramu 1, yaani 2%. Mita ya ujazo ya mwamba, kama kilo 2,000, itaacha kilo 40. Mita ya ujazo ya udongo ni kilo 1,300 hivi. Basi udongo wa kina cha mita moja unataka mita 32 za mwamba ziyeyuke! Kwa mwamba wa pwani yetu, wa miaka 125,000 hivi, haiingii akilini.

Mpima_Mchanga: Hesabu sawa, ila si kwa shimo. Mvua huzoa udongo wa eneo pana ukajaa shimoni. Tumia kina cha wastani cha shamba zima.

Kisha osha udongo, utazame mchanga uliobaki kwa lenzi ya mara 10. Ukiona kwatzi (madini magumu ya mchanga, yanayong'aa kama kioo), hiyo imetoka nje, matumbawe hayazai kwatzi. Lakini usikimbilie kusema ni upepo. Kisiwani Barbados, Karibi, vumbi la Sahara limevuka Atlantiki likachangia udongo wa matumbawe, pamoja na majivu ya volkano ya kisiwa jirani cha St. Vincent. Lakini vumbi la safari hiyo ni laini, kwa kawaida chini ya mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe za mikromita 200 ni za jirani. Na jirani hapa ni mchanga mwekundu wa Magarini, ambao sehemu yake ilikuwa matuta ya upepo zamani, kwa hiyo chembe zake ni za mviringo tayari (alama ya upepo) hata zikiletwa na maji. Tena Kusi na Kaskazi hazivumi kutoka bara. Mimi naona maji kwanza.

Shamba_Gede: Asidi ya kusafishia choo je, badala ya siki?

Jiwe_Kavu: Hapana, hiyo huyeyusha chuma kinachoupa udongo wekundu, masalia yakapungua. Siki.