Mrejesho: mfumo wa kikundi cha mwani, Paje

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliuliza kama programu inaweza kusoma mahitaji ya watumiaji na kutoa yenyewe mgawanyo wa huduma za mfumo wetu wa kompyuta, yaani vipande vidogo vya mfumo, kila kimoja na kazi yake. Nimejaribu, na inaweza, ila kwa masharti.

Nilifuata ushauri mlionipa: kila hitaji sentensi moja fupi, nani anafanya nini kwa kitu gani. Vitenzi vikawa operesheni, nomino zikawa data, na operesheni zinazogusa data moja zikawekwa kwenye huduma moja. Mara ya kwanza zilitoka huduma 19! Chanzo ni maneno. Akina mama walisema "mwani", karani akaandika "mzigo", mweka hazina "zao", na programu ikahesabu vitu vitatu. Nilikaa nao jioni mbili tukakubaliana istilahi moja kwa kila kitu. Zikabaki 6.

Mikopo ya kamba na malipo, programu iliviweka kwenye huduma mbili tofauti, nami nikaviunganisha kwa mkono, kwa sababu makato ya mkopo na malipo lazima vifanyike kwa pamoja au visifanyike kabisa.

Kubwa zaidi lilitoka kwa bibi mmoja: "Mwanangu, mtandao ukikatika tusimame na magunia juani?" Hakuna aliyekuwa ameliandika hilo, basi programu ingelijuaje? Sasa huduma ya mizani inahifadhi vipimo kwenye simu kwanza, kisha inavituma mtandao ukirudi. Tutaijaribu bamvua lijalo, inshallah. Ahsanteni sana.