Wakuu nisaidieni: walimu tuwagawe kwa idadi ya wanafunzi au kwa uhitaji wa shule?

Mtu wa Ikama:

Habari zenu wakuu. Niko ofisi ya elimu, kabla ya hapo nimefundisha miaka tisa. Mimi na wenzangu watatu tumepewa kazi ya kuandaa utaratibu mpya wa kugawa walimu kwenye shule za serikali na tumekwama, naombeni mawazo hasa nyie mlioko darasani.

Hadi sasa tunagawa kwa uwiano, unachukua wanafunzi unagawanya kwa 45 unapata idadi ya walimu basi umemaliza. Sasa juzi nimeenda shule moja ina watoto 140, madarasa saba. Ukigawanya kwa 45 wanapata walimu watatu na ndo hao hao watatu niliowakuta. Watatu kwa madarasa saba! Nimemwona mwalimu anaandika zoezi la darasa la tatu ubaoni, anatoka mbio kwenda la nne chumba cha pili, anarudi na chaki ile ile mkononi anakuta nusu wameshamaliza wanasukumana na nusu hata tarehe hawajaandika. Na kwenye ripoti yetu shule hiyo imeandikwa walimu wanatosha. Ile ripoti nimeiandaa mimi, imeniuma sana.

Mwenzangu mmoja anasema tuachane na fomula wakuu wa shule walete maombi tuyajadili. Mi naona tupime uhitaji, ila uhitaji unaupimaje wakati kila shule itasema yenyewe ndo ina shida kuliko zote? Natanguliza shukrani.

Chaki Nyeupe:

Mkuu pole na kazi. Maombi usithubutu, nimeona mwenyewe yanavyokwenda, mkuu wa shule anayejua kuandika barua na anayefahamiana na watu ndo anapata, yule wa mbali ambaye hata kufika ofisini ni siku nzima anabaki na wake watatu.

Anza na darasa, mtoto aje baadaye. Kila shule ipewe kwanza kiwango cha chini ambacho haishuki hata iwe na watoto 100, yaani walimu wa kutosha madarasa yote yaendeshwe kwa wakati mmoja. Ukishamaliza shule zote hapo ndo unagawa waliobaki kwa wingi wa wanafunzi. Chicago kule Marekani kuanzia 2013 walipeleka hela kwa kichwa cha mwanafunzi, shule ikipungukiwa watoto inapunguza na walimu, ikipunguza walimu wazazi wanahamisha watoto, inazidi kushuka. Mwaka 2024 wakabadilisha, kila shule inahakikishiwa nafasi za msingi kwanza halafu zinaongezwa kutokana na uhitaji.

Ratiba Mkononi:

Naunga mkono ila hiyo ni ya shule za msingi. Sekondari ukihesabu vichwa umepotea kabisa maana shule inaweza kuwa na walimu 20 na 12 kati yao ni wa historia na kiswahili, fizikia hakuna hata mmoja. Uwiano unasema mko vizuri.

Huku unahesabu vipindi. Chukua mikondo zidisha kwa vipindi vya somo kwa wiki, gawanya kwa mzigo wa mwalimu mmoja. Mfano mikondo 8, fizikia vipindi 4, ni 32. Mwalimu anabeba 24. Maana yake unahitaji mwalimu mmoja na theluthi. Shule jirani yenye mikondo 4 inahitaji vipindi 16, theluthi mbili. Ukijumlisha ni vipindi 48 yaani walimu wawili kamili kwa shule zote mbili, mmoja akae shule kubwa moja kwa moja na mwingine agawanywe.

Mama Wawili:

Hapo kwenye kugawanywa naomba nisikilizwe maana nimegawanywa mimi. Miaka miwili nafundisha shule mbili, jumatatu na jumanne huku, siku zilizobaki kule. Nauli natoa mfukoni. Vikao vya shule zote mbili nahudhuria, zamu napangiwa kote, na mitihani inatungwa wiki moja. Nilikuwa natembea na mabunda mawili ya madaftari siku nyingine nasahihisha kwenye gari. Hesabu inasema nina vipindi 24, mwili wangu ulikuwa unasema vingine.

Sisemi msifanye, wale watoto wa shule ndogo bila mimi wasingesoma kemia. Ila andikeni kabisa kwenye utaratibu: nauli inalipwa, mkuu wa kazi ni mmoja, zamu ni shule moja, na mzigo unapungua vipindi vichache kufidia safari. Msiache kwa busara za wakuu wa shule.

Kipimo:

Swali la uhitaji utaupimaje bado halijajibiwa. Jibu langu ni uzito. Uholanzi walianza hivyo mwaka 1985, mtoto ambaye wazazi wake wana elimu ndogo alihesabiwa 1.25 badala ya mtoto mmoja, na akiwa wa familia ya wahamiaji wenye elimu ndogo akahesabiwa 1.9, shule ikaongezewa walimu kwa hesabu hiyo. Nyie chagueni vitu vichache ambavyo shule yenyewe haiwezi kuvikuza: watoto wenye mahitaji maalumu waliopimwa na mtaalamu, wanaoanza shule hawajui lugha ya kufundishia, umaskini wa eneo kwa takwimu za sensa. Vitatu vinne vinatosha. Mkiweka kumi na tano hakuna mwalimu mkuu atakayeelewa kwa nini kapata alichopata, na asipoelewa atadhani kuna mkono wa mtu.

Mzee wa Daftari:

Vijana mmeongea vizuri, mimi nimestaafu nikiwa mkaguzi. Kabla ya fomula hakikini idadi. Mkishatangaza kwamba watoto wengi ndo walimu wengi wanafunzi hewa wataongezeka mwezi huo huo. Usichukue idadi ya walioandikishwa, chukua daftari la mahudhurio la miezi mitatu halafu nenda siku ambayo hawakutegemei, hesabu madawati yenye watu.

Jambo la pili, kumpanga mtu na kumfanya akae ni vitu viwili tofauti. Nafasi mtaijaza januari, juni kashaomba uhamisho. Gambia mwaka 2006 walianza kulipa posho ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara kwa shule za ndani zilizo zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu, na walimu wenye sifa wakaongezeka huko. Kigezo ni umbali, unapimika, hakuna ubishi. Kama hela hamna basi angalau muda ujulikane, mtu akikaa miaka mitatu anapewa kipaumbele cha kuchagua anapohamia.

Mtu wa Ikama:

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili mbili. Mama Wawili nimechukua yako kama ilivyo neno kwa neno, hatukuwa tumewaza kabisa.

Jana tumejaribu kwa shule sita, kiwango cha chini kwanza halafu uzito. Ile ya watoto 140 imetoka watatu imekuwa saba. Nyongeza wengi ni wa ajira mpya ila wawili wanatoka shule kubwa iliyo jirani, na hatuhamishi mtu kwa nguvu, tunaanza na walioomba. Mkuu wa hiyo shule kubwa ameshapiga simu amekasirika anasema tunamwadhibu kwa kufaulisha. Nimemwomba kesho twende wote pale kwenye shule ya watoto 140, saa mbili asubuhi, kila mtu abebe ratiba yake.