Mlima Kenya kwa watu wa pwani: Sirimon, Naro Moru au Chogoria?

PwaniKwaMguu:
Wenyeji wa bara, hodi. Sisi ni watatu kutoka Kisauni, tunataka kupanda Mlima Kenya mwezi wa pili, tufike Point Lenana, mita 4,985. Vilele vya juu zaidi, Batian na Nelion, tunawaachia wenye kamba. Tuna siku nne, ya tano bado ninavutana na bosi. Baridi kali zaidi tuliyowahi kulala ndani yake ni ya Limuru. Kila ninayemuuliza anasifia njia yake: Naro Moru fupi, Sirimon nyepesi, Chogoria nzuri. Sasa mtu ashike ipi?

MwanaNanyuki:
Karibuni. Mwezi mmepatia, Januari na Februari mlima huwa mkavu. Mimi nasema Sirimon. Lango liko mita 2,650, usiku wa kwanza mnalala kambi ya Old Moses, 3,300, kisha kilomita kama 14 kupitia bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton's, 4,200. Upande huu haupati mvua nyingi kama upande wa Chogoria, na njia inapanda taratibu.

Balaa ni ile siku ya pili. Mita 900 kwa siku moja, kwa mtu ambaye juzi alikuwa anakula viazi karai ufukweni! Wengi huingia Shipton's wameshika kichwa kwa uhaba wa hewa. Hiyo siku ya tano ipiganieni, mlale Old Moses mara mbili: mchana mnapanda juu kidogo, jioni mnarudi kulala chini. Na msije bila mwongozaji, mtu peke yake haruhusiwi kupanda. Kiingilio lipeni mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali.

GambutiNyekundu:
Mnaionea Naro Moru. Nimeipanda mara tatu. Unalala kambi ya Met Station, 3,050, asubuhi unakutana na lile tope la mteremkoni, Vertical Bog. Mara ya kwanza nilivuta mguu, mguu ukaja, kiatu kikabaki. Mpagazi akakichomoa kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo. Lakini ukishatoka hapo unaingia bonde la Teleki, Batian iko mbele yako siku nzima, na mimea mirefu ya lobelia imesimama njiani kama watu waliovaa makoti. Njia nyingine haikupi hiyo.

DadaKagendo:
Gambuti, waambie basi na habari ya binamu yako wa Malindi.

GambutiNyekundu:
😅 Haya. Mara ya tatu nilikwenda naye. Tulifika kambi ya Mackinder, 4,200, siku ya pili, akatapika usiku kucha. Saa tisa usiku wenzetu wakaenda Lenana, sisi tukashuka na tochi. Kufika Met Station akaomba chapati. Kwa hiyo ufupi wa njia ndio ubaya wake, nakubali. Nyinyi msiipande.

DadaKagendo:
Mimi ni wa Chogoria, kwa hiyo nipunguzieni chumvi. Hakuna upande mzuri kama huu. Kuna Ziwa Ellis, halafu lile korongo, unasimama ukingoni pa jabali la Temple unaona Ziwa Michaelson huko chini kabisa, maji meusi, kuta za mwamba zimelizunguka. Watu ni wachache. Ila kwa kupanda, wageni huwa ninawaambia ukweli: kambi nyingi ni za hema, na mvua ikinyesha barabara ya kwenda langoni inasumbua.

Pandeni Sirimon, teremkeni Chogoria. Mkitoka Lenana mnashukia upande wetu, mnalala hema usiku mmoja, kesho yake mko langoni. Gari liwasubiri upande huu, muelewane bei kabla hamjapanda, maana mkishatoka huko mmechoka mtalipa chochote.

Mgumu_Moshi:
Ndugu zangu, mbona hamji Kilimanjaro, njia ya Marangu? Kambi za Mandara, Horombo, Kibo, vitanda njia nzima, hakuna kubeba hema. Na raia wa Afrika Mashariki kiingilio chao ni nafuu.

MwanaNanyuki:
Mkuu, hawa hawajawahi kukanyaga hata sakitu, unawapeleka mita 5,895? Waanze hapa, mwakani watakuja kwako.

PwaniKwaMguu:
Ahsanteni, Sirimon kupanda, Chogoria kushuka. Mawili: mama anataka tubebe maharagwe makavu, na kuna rafiki amenipa Diamox zake, vile vidonge vya ugonjwa wa mwinuko.

DadaKagendo:
Mpe mama shikamoo yangu, umwambie maharagwe hayaivi huko. Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, utachochea moto mpaka gesi iishe. Ayachemshe nyumbani, nyinyi mkayapashe tu. Na chakula kifungieni ndani, pimbi wa kule hawana adabu. Usiku chupa ya maji ilazeni kichwa chini, barafu huanzia juu, asubuhi mdomo wa chupa utakuwa haujaziba. Simu lala nayo kifuani, baridi inamaliza chaji.

Mgumu_Moshi:
Dawa ya mtu usimeze, kaka. Nenda kwa daktari, kuna wenye mzio nayo. Kichwa kikigonga, simameni hapo hapo. Kisipotulia, au mtu akianza kupepesuka kama mlevi au kupumua kwa shida akiwa amekaa, ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama kilele mnakiona.

PwaniKwaMguu:
Bosi ameachia siku ya tano, sharti nimletee picha yangu nikitetemeka. Sasa majaketi mazito na glavu Mombasa nitapata wapi?

GambutiNyekundu:
Kongowea, mitumba. Huko kwenu nani anagombania jaketi? Nenda marobota yakifunguliwa asubuhi, na usimwambie muuzaji unakwenda mlimani.