Tajiri akikarabati mji wetu, mji unabaki wetu?

Kibarazani
Wadau, Aga Khan wa nne, Karim, imamu wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, alifariki Lisbon Februari 2025 akiwa na miaka 88, akazikwa Aswan. Huku Unguja wengi walimkumbuka kwa Forodhani. Bustani ile ilikuwa imechakaa mpaka taasisi yake ya utamaduni ilipoishika, ikafunguliwa upya 2009. Kabla ya hapo, miaka ya 1990, walilifufua jumba la dispensari ya zamani kule Mizingani, lile lenye roshani za mbao za nakshi. Siulizi kama alikuwa mtu mwema, hayo ni yake na Mola wake. Nauliza: mji ukitengenezwa kwa hela ya tajiri mmoja, nani ana kauli juu ya mji huo? Leteni hoja, matusi yabaki kwenu.

Mwana wa Upanga
Hela si ilikuwepo, mkuu! Huyu si ndiye aliyepimwa kwa almasi Dar? Almasi upande mmoja wa mizani, yeye upande wa pili. Mtu wa uzito huo akikuwekea taa na mabenchi bustanini, hiyo kwake ni chenji.

Bi Mkubwa wa Vuga
Huyo ni babu yake, mwanangu. Sultan Mahomed Shah, Agosti 1946. Karim wakati huo ana miaka tisa. Na zile almasi zilikuwa za kuazima tu. Thamani yake ndiyo waliyoichanga wafuasi, naye akairudisha ikawa mfuko wa kuwakopesha watu nyumba na biashara. Huo ukumbi wa Diamond Jubilee ulio kwenu Upanga unadhani jina limetoka wapi?

Mwana wa Upanga
Shikamoo bibi. Mie nilijua ni wa Diamond Platnumz.

Mpemba Mkavu
Chekeni tu. Hilo jumba la dispensari alianza kulijenga Tharia Topan, 1887, kwa ajili ya jubilei ya Malkia Victoria. Tharia naye alikuwa Ismailia, tajiri, mtoaji mkubwa wa misaada, na ndiye aliyekuwa akimpa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mtaji wa misafara. Pembe zile zilitoka bara mabegani mwa nani? Leo tunapita chini ya roshani tunasema mashaallah, nakshi hizo!
Na huyu wetu wa juzi: bustani katupa, lakini tembea kidogo tu mpaka Shangani uone hoteli ya Serena ni ya nani. Mtalii alale kwake, jioni apunge upepo bustani aliyoitengeneza yeye. Wenyeji tumebaki na urojo, supu yetu ya bajia na viazi, tena urojo wenyewe wa Forodhani siku hizi maji ya ukwaju na vipande viwili vya kiazi, kwa bei ya mzungu.

Daladala la Mbagala
Mengine sijui, lakini urojo nakataa. Urojo mtamu siku hizi uko Dar. Njoo Kariakoo jioni, unapewa bajia, kachori, yai, mshikaki, chipsi za muhogo juu, kijiko kinasimama wima.

Bi Mkubwa wa Vuga
Kijiko kikisimama huo si urojo, ni uji wa harusi. Dar mna kitu mnakiita "mix". Kuleni mix yenu kwa amani, jina la urojo tuachieni.

Daladala la Mbagala
Bibi, hata nyie hamkuuvumbua. Bajia Mhindi, kachori Mhindi, chatini Mhindi. Mkisema tajiri Mhindi kawachukulia mji, basi mrudishieni na bakuli.

Mpemba Mkavu
Nani kasema Mhindi? Nimesema TAJIRI. Usinitilie maneno mdomoni halafu ukanitukania. Bibi yangu mzaa baba alilelewa na Wahindi pale Chake, najua ninachosema.

Daladala la Mbagala
Kulelewa na Wahindi ndiyo kinga? Umetoa povu zima, umemtaja Tharia, umemtaja Aga Khan, wote Makhoja, Waismailia wa asili ya Kihindi. Mfadhili Mwarabu hujamgusa. Beit el Ajaib, lile jumba la masultani pale Forodhani, ilipoporomoka Desemba 2020, Oman ilikuwa imeshaingia kwenye ukarabati. Mbona hapo huulizi mfadhili anataka nini?

Mpemba Mkavu
Sijauliza kwa sababu mada si hiyo!

Kibarazani
Mada haikuwa urojo pia, sheikh. Nawaomba.

Kisauni Moja
Niko Mombasa, niruhusuni. Kwanza urojo na mix vyote havifikii viazi karai na ukwaju, nimemaliza. Pili, nyinyi mnazungumzia majengo tu, na mimi kilichonigusa si jengo. 1982 wazee wa Kiislamu hapa Pwani walilalamika kwamba watoto wetu wanafika darasa la kwanza wamechelewa, wenzao wamepita nasari. Wakaenda kwa huyo huyo Aga Khan, ambaye kimadhehebu si imamu wao. Ndipo mwalimu Bi Swafiya Said akaanza nasari ndani ya madrasa. Baadaye mradi ukavuka mpaka Zanzibar, halafu Uganda.
Mamangu alifundisha moja ya hizo. Vifaa vyake vilikuwa kwenye kikapu cha ukili: vifuu, makombe ya pwani, vizibo vya soda. Mtoto anahesabu makombe, anaimba nyimbo za kwao, na dua anaijua. Sura za Kiingereza hazikufukuza sura za Kurani. Jioni mama akirudi, sisi wa nyumbani ndio tuliotumwa ufuoni kuokota makombe mapya, maana watoto wa watu wanayatia mifukoni. Huo ni utamaduni au si utamaduni? Na hakuna hoteli pembeni pale, Mpemba.

Mpemba Mkavu
Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema watoto wasisome?

Kisauni Moja
Wallahi sijasema hivyo. Nimesema kikapu.

Mwana wa Upanga
Mpemba leo kaamka upande wa ukutani. Ngoja niwapunguzie joto. Mnajua tajiri huyu alikuwa na farasi anaitwa Shergar, akashinda mbio kubwa za Uingereza 1981 kwa kuwaacha wenzake mbali, 1983 akaibiwa Ireland na hakuonekana tena? Nasikia alikuwa na thamani ya kununua Forodhani nzima na mapaka yake.

Bi Mkubwa wa Vuga
Mapaka ya Forodhani hayauzwi.

Nyuzi za Kanuni
Mie mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, nisemeni vibaya mkitaka. Mnaogopa tajiri atakuwa na kauli. Sisi huku kwenye muziki tunaogopa tajiri atachoka. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kipo tangu 2002, hapo ndipo watoto wa masikini wanagusa udi na fidla kwa mara ya kwanza. 2019 fedha za wafadhili zilipokauka kilibaki kidogo kufunga milango. Tamasha la muziki la Sauti za Busara 2016 halikufanyika kabisa, hela haikutimia. Watu walewale wanaouliza "mfadhili anataka nini" sikuwaona wakinunua tiketi.

Mpemba Mkavu
Tiketi nimenunua mara tatu. Risiti ninazo.

Daladala la Mbagala
Weka picha.

Nyuzi za Kanuni
Sikukutaja, ndugu yangu. Ila kama kofia imekuenea, ivae.

Fundi Chokaa
Nimesoma toka juu, nimechelewa nilikuwa kazini. Nyote mnasema hela ya tajiri imetengeneza majengo. Jengo linatengenezwa na mkono. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Ukuta ule unapumua. Miaka ya sabini na themanini watu walipiga saruji juu, unyevu ukafungiwa ndani, boriti ikaoza kwenye ncha pale inapoingia ukutani. Hukioni kitu mpaka siku dari inashuka na vumbi lake. Mimi kazi hii niliifunzwa kwenye mradi wa mfadhili (si lazima nimtaje), kwa sababu wazee waliokuwa wanaijua walishabaki wachache, na sisi vijana tulitaka saruji, inakauka haraka unalipwa Alhamisi.
Mfadhili kaondoka, mkono umebaki. Lakini mkono huu sasa hivi unajenga uzio wa matofali Fuoni. Wenye nyumba mjini hawana hela ya chokaa, na wenye hela wanataka ukuta uwe mweupe kabla ya watalii wa Julai. Kauli anayo nani? Mimi namuona ni yule anayelipa siku ya tatu, tajiri akishapiga picha na kupanda ndege.

Kibarazani
Hapo sasa. Serikali?

Bi Mkubwa wa Vuga
Serikali ndiyo mwenye nyumba nyingi humu mjini, mwanangu. Angalia ngazi zake.

Mwana wa Upanga
Bibi kaua mjadala.

Mpemba Mkavu
Fundi, wewe umenijibu bila kunitukana, nakushukuru. Nina suala pembeni. Nyumba ya bibi yangu, ukuta wa msalani unatoa chumvi nyeupe kama unga, rangi inabanduka kila msimu wa masika. Nimeshapiga saruji mara mbili.

Fundi Chokaa
Ndiyo maana. Bangua saruji yote mpaka ulione jiwe. Acha ukuta ukauke, usiwe na haraka, hata miezi. Angalia kwanza maji yanatoka wapi, bomba au paa. Halafu chokaa iliyolowekwa ikaiva, na mchanga uliooshwa, usiwe wa pwani, una chumvi ileile unayoikimbia. Tabaka jembamba jembamba, unalirushia maji lisipasuke.

Mpemba Mkavu
Boriti je? Naona moja imeinama.

Daladala la Mbagala
Muulize Serena.

Fundi Chokaa
Mwacheni. Mpemba, usilale chini ya hiyo boriti. Nitumie picha ya ncha yake pale inapoingia ukutani, mchana, bila mwanga wa simu. Na iwe ya ukuta, si ya urojo.